Mikono Isiyoandikwa Kwenye Leseni

Nianze na ukweli kabla shemeji yangu hajawasimulia kwa namna yake ya kutia chumvi: aliyewaita wale watu waje kushika kamba ni mimi. Si mume wangu, si binti yetu. Ni mimi na huu mdomo wangu, ambao mama yangu kule Ujiji alinionya utaniponza tangu sijaota meno ya pili.

Na kazi yenyewe ya samaki mimi ndiye niliyeileta nyumbani. Mwaka ule wa pili wa korona nilikuwa nahudumia wazee katika kituo kimoja karibu na Toongabbie, hapa Sydney, na wageni walikuwa hawaruhusiwi kuingia. Ndugu za wazee walikuja wakasimama nje ya dirisha, wakapunga mkono, wakalia, wakaondoka. Mmoja wao alikuwa mzee wa miaka sabini na kitu, ngozi ya shingo imekauka kwa jua, anakuja kumwona kaka yake. Mimi ndiye niliyekuwa nikimshikia kaka mtu simu sikioni ili wasikilizane. Siku moja walipomaliza, yule mzee akabaki pale dirishani akinilalamikia mimi. Alikuwa mvuvi, na baba yake alikuwa mvuvi, wanavuta samoni kwa wavu kutoka ufukweni, mwendo wa saa moja na zaidi kaskazini ya jiji. Vijana wa kigeni waliokuwa wakimvutia nyavu walirudi makwao mipaka ilipofungwa. "Nina boti, nina nyavu, nina leseni," akasema, "sina mikono."

"Mume wangu kazaliwa ndani ya wavu," nikamjibu. Wala hakuwa ameniuliza.

Haukuwa uongo sana. Mume wangu ni mtu wa Baraka, upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika, na mimi wa upande wa Tanzania. Tulikunywa maji ya ziwa moja kabla hatujajuana. Vita vilimvusha, kambi ikamweka, mimi nikampata, na baada ya miaka ya kusubiri karatasi tukaletwa Sydney. Hapa alibeba maboksi miaka minane katika ghala moja kule Villawood, na korona ilipoingia wakampunguzia zamu mpaka zikaisha. Akawa mtu wa kukaa kwenye kochi, simu mkononi, haangalii kitu. Ukimuuliza umekula, anasema ndiyo, na chakula kiko vilevile kwenye sufuria. Nilikuwa naogopa, nasema wazi. Korona yenyewe sikuiogopa hivyo.

Basi mwezi wa nne tukaenda ufukweni watu wanne: mume wangu, mdogo wake ambaye anaishi nasi Blacktown, binti yetu ambaye masomo yake ya chuo yalikuwa yamehamia kwenye skrini, na mimi kwa siku zangu za mapumziko. Mzee akaandika majina yetu yote kwenye fomu zake. Kisha akatuweka mbele ya gari lake, akasema maneno ambayo niliyatafsiri kwa kinywa changu mwenyewe, neno kwa neno.

Alisema amechoka. Watoto wake hawataki bahari. Anatupa msimu mmoja, na akiona mume wangu anaweza, mwakani mume wangu atakuwa mkuu wa wavu, atamkodishia leseni, boti na kila kitu, yeye akae na mke wake. Lakini kuna onyo moja la zamani kwenye faili lake. Kosa la pili, watu wa uvuvi wanamfungia leseni. "Kwa hiyo mkono ambao haujaandikwa kwenye karatasi zangu," akasema, "usiguse wavu wangu. Hata kwa mzaha."

Mume wangu alisikiliza huku anapapasa wavu kwa vidole, jicho kwa jicho, kama mwanamke anayechagua kanga. Akasema kwa Kiswahili chake cha Baraka, "Umuambie nimesikia. Umuambie mie niko mvuvi, siko mubeba maboksi." Nikamwambia mzee nusu ya kwanza tu.

Samoni wa huku si yule wa kwenye kopo. Wenyewe wanamwita samoni, lakini nyama yake ni nyeusi kidogo na ina nguvu ya damu, na Wazungu wengi wanamnunua awe chambo cha kambakoche. Sisi tulimkausha kwa moshi nyuma ya nyumba na akawa mtamu kama mgebuka wa ziwa letu. Hafugwi, anatembea mwenyewe na makundi yake kando ya pwani. Kazi ni kupanda kwenye mwamba, kutazama maji mpaka macho yatoe machozi, na kungoja doa jeusi lipite karibu na mchanga. Likipita, boti ndogo inalizunguka na wavu, kamba mbili zinaletwa ufukweni, upande mmoja unavutwa kwa winchi, mashine ya kukunja kamba iliyo mbele ya gari la mzee, upande wa pili kwa mikono. Ukichelewa dakika tano, wamekwenda.

Mume wangu alifufuka. Sina neno jingine. Alitandaza nyavu kwenye nyasi za mbele ya nyumba yetu, majirani wakipita wanashangaa, akawa anashona huku anaongea peke yake. Alianza kumtania mdogo wake mezani. Shemeji naye, ulimi kama wembe, akawa ananiambia, "Mama, wewe watu wa Ujiji mumezoea dagaa tu, samaki mukubwa atakukula." Namjibu kwamba watu wa Baraka wanajua kuvua wake za watu tu, basi nyumba nzima inacheka, hata binti anacheka, ambaye Kiswahili anakisikia vizuri ila kujibu anajibu kwa Kiingereza.

Lakini samaki hawakuja. Mwezi wa tano walikuja wachache, wa sita wakaadimika, na hapo ndipo jiji likafungwa tena. Eneo letu la magharibi likabanwa kuliko mengine. Helikopta juu ya paa, askari kwenye makutano, kibali kwenye simu, na pua kuchokonolewa kila siku tatu la sivyo huvuki kwenda kazini. Tukawa tunatoka alfajiri na moyo juu juu. Askari wanatusimamisha, wanatazama kibali, wanatazama nyuso zetu nne nyeusi ndani ya gari lenye harufu ya samaki, wanatazama kibali tena. "Wavuvi?" wanauliza. "Wavuvi," binti anajibu. Na tukifika, maji matupu. Mzee alikuwa anamtazama mume wangu kule juu ya mwamba kama mtu anayetazama nyama buchani na hajaamua. Mwezi wa nane ukaingia, na mimi nilikuwa nimeacha kulala vizuri kwa kuwaza tu: msimu ukiisha hivi, huyu mwanamume anarudi kwenye lile kochi, na safari hii hatoki.

Siku yenyewe ilianza vibaya. Majibu ya kipimo cha shemeji yalikuwa hayajafika, na bila majibu haruhusiwi kutoka. Akabaki mlangoni amevaa gamubuti zake za mpira, anatukana simu kwa Kifaransa. Tukaenda watatu.

Hatukuwa hata tumemaliza kushusha vitu mume wangu alipopiga ukelele kutoka mwambani. Nilitazama. Mungu wangu! Kivuli kinatembea chini ya maji, kirefu kutoka mwamba hadi mwamba, na juu yake maji yanachemka. Maisha yangu yote ya kando ya ziwa sijawahi kuona samaki wengi namna ile. Mzee akaruka kwenye boti kama kijana, mume wangu akashuka mbio, wavu ukazunguka, kamba ya kwanza ikafungwa kwenye winchi, kamba ya pili tukaishika mimi na binti. Mzee alibaki kwenye boti nyuma ya wavu kuuzuia usijikunje, na mume wangu akaingia majini hadi kifuani, kule kwenye mfuko wa wavu ambako samaki hujikusanya. Mfuko ule una kamba yake fupi. Ukiivuta, mdomo wa nyuma unafunguka na samaki wote wanatoka. Mwenye kushika kamba ile ndiye mwenye uamuzi, na asubuhi ile alikuwa mume wangu.

Winchi ilivuta, ikalia, ikatoa moshi mweusi, ikafa.

Tukabaki wanawake wawili na kamba moja. Tulivuta mpaka viganja vikachubuka, na wavu haukusogea hata shubiri. Binti alikuwa analia kwa hasira. "It's too heavy, Mum! Tell Dad to let them go!" Yaani nimwambie baba yake awaachie samaki. Mawimbi yakawa yanaupiga wavu, samaki wanaulemea, na nilisikia uzi ukikatika, tap, tap, kule kwenye nyavu alizozishona yeye mwenyewe. Mzee alikuwa anapiga kelele kutoka kwenye boti. Sikushika maneno kwa ajili ya mawimbi.

Na ufukwe haukuwa mtupu. Watu wa maeneo yale walikuwa wanaruhusiwa kutoka kufanya mazoezi, na kumi, kumi na watano hivi walikuwa wamesimama mbalimbali na barakoa zao, wanatazama. Sasa mimi nimekulia wapi? Kwetu kokoro, ule wavu wa kuvutwa kutoka ufukweni, likiwa zito humwulizi mtu jina. Anayepita anashika kamba, awe mwalimu, awe mke wa shehe, na wavu ukifika kila aliyeshika anaondoka na kitoweo chake. Kumwacha aondoke mikono mitupu ni aibu yako wewe mwenye wavu, utasemwa mpaka kwa wajukuu. Kokoro lenyewe lilipigwa marufuku zamani, lakini mkono wangu haukujua marufuku. Mkono ulipunga wenyewe.

"Njooni!" nikapaza sauti. "Njooni mshike! Kila mtu atapata samaki!"

Hawakuamini. Kisha mwanamume mmoja mwenye mbwa akaja, akamfunga mbwa kwenye gurudumu la gari letu. Akaja mama mmoja wa Kichina mwenye umri wangu, na mabinti wawili wenye nguo za kukimbilia, na wengine. Nikawapanga kwenye kamba zote mbili. Nikawafundisha: nikiuliza "Nani kavuta?" mjibu "Sote!" na mvute kwa pamoja. Mara ya kwanza waliitika kama watoto wa shule walioamshwa. Mara ya tano walikuwa wanapiga kelele, barakoa zimeshuka videvuni, na miguu yao ya Kizungu inachimba mchanga, na wavu ukaanza kuja. Ukaja, jamani! Nilikuwa naruka, naimba, nawatania, namwambia yule mwenye mbwa avute kama mwanamume. Watu waliokuwa wamekaa wiki sita ndani bila kuguswa na mtu walikuwa wanacheka bega kwa bega.

Mara moja nilitazama baharini nikamwona mzee amesimama kwenye boti, anapunga mikono yote miwili juu ya kichwa. Nikisema sikuelewa nitakuwa mwongo. Nilielewa. Nikageuza uso.

Wavu ukapanda mchangani na samaki wale wakaruka na kung'aa, mlima mzima, ufukwe ukatetema. Mimi nikashika wa kwanza kwa mashavu, nikampa yule mama wa Kichina. Akampokea kwa mikono miwili, akainama. Nikampa mwenye mbwa. Nikawapa wote, mmoja mmoja, kila mtu na wake, maana mkono mtupu haulambwi. Mume wangu alikuwa ametoka majini, maji yanamchuruzika, amesimama kando ya wavu. Alikuwa ananitazama tu. Nilidhani ni furaha.

Mzee alifika amekuwa mweupe kama karatasi. "Warudishe," akaniambia. "Samaki, na watu. Sasa hivi." Lakini wapi. Juu ya ufukwe kuna nyumba za madirisha makubwa, na mtu mmoja alikwishapiga simu. Haikupita nusu saa, gari la polisi likashuka, na nyuma yake gari la maofisa wa uvuvi.

Polisi walishughulika na mkusanyiko. Ofisa wa uvuvi, mwanamke mpole, na upole wake ndio ulionitisha, aliomba orodha ya majina. Akahesabu majina kwenye karatasi, akahesabu nyayo kwenye mchanga. Akauliza ni nani aliyewaita wale watu. Binti yangu akanitazama. Alikuwa ametusemea msimu mzima, kwa askari, kwa wauguzi wa vipimo, na nikaona anatafuta uongo wa kunisaidia. Sikumwacha autafute. "Ni mimi," nikasema. "Mzee alitukataza. Mume wangu alikuwa majini. Ni mimi peke yangu."

"Na ninyi mliambiwa?"

"Tuliambiwa. Mimi ndiye niliyetafsiri."

Akaandika. Watu wakaamriwa warudishe samaki. Yule mama wa Kichina alikuwa ameshapanda ngazi na wake amemfunga ndani ya koti, na akalazimika kushuka tena ngazi zote zile. Alimlaza mchangani taratibu, kama anamlaza mtoto, akaniambia samahani. Yeye ananiambia mimi samahani! Nilitamani mchanga unimeze.

Hawakumfungia mzee siku ile. Ofisa alisema ataandika ripoti, na wakubwa wake wataangalia kwanza kama mwenye leseni amechukua hatua. Wote tulielewa hatua ni nini. Mzee akatoa kalamu mfukoni, akaiweka karatasi juu ya boneti ya gari, akakata majina yetu manne, hata la shemeji ambaye alikuwa Blacktown na gamubuti zake. Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alimgeukia mume wangu, akamuuliza polepole ili aelewe bila mimi.

"Nilikuambia ufungue. Mara tatu. Kwa nini hukufungua?"

Mume wangu akainama kuikunja ile kamba fupi.

"Kuvuta, mtu yeyote anavuta," mzee akasema. "Nilikuwa natafuta mtu wa kufungua." Akaingia kwenye gari lake lililokufa winchi, akakaa, hakuwasha.

Tukarudi nyumbani. Njia nzima nilikuwa natunga maneno na kuyameza. Kiherehere changu kilikuwa kimemnyang'anya mwanamume wa watu kazi aliyoingoja miaka kumi, na maji yakimwagika hayazoleki. Askari walitusimamisha tena, wakatazama kibali. "Wavuvi?" Binti alichelewa kujibu, kisha akasema ndiyo, kwa kuwa kibali kilikuwa bado kinasema hivyo.

Tulipofika, binti akaingia ndani bila kufunga mlango wa gari. Mume wangu alizima injini, akabaki ameshika usukani. Nikamwambia, "Baba, nisamehe. Nimekumaliza. Onyo la mzee nililijua, nikajitia uziwi. Ukitaka kunipigia kelele, nipigie."

Suruali yake ilikuwa bado mbichi kwa maji ya chumvi.

"Kamba ya kufungua ilikuwa mu mukono yangu," akasema. "Mzee aliita, nilisikia. Wavu ulikuwa unapasuka, niliona. Hata mutoto mudogo wa Baraka angejua ni saa ya kufungua."

"Sasa mbona hukufungua?"

"Niligeuka, nikakuona." Alisema bila kunitazama. "Ulikuwa unaita watu. Unaruka, unacheka. Toka tulifika hii inchi sijakuonaka vile. Nikasema, wacha kidogo. Wacha nimuangalie kidogo tu."

Nikampiga ngumi ya bega, tena kwa nguvu, machozi yananitoka kama bomba. "Mjinga wewe!" nikamwambia. "Mjinga! Ungefungua! Ungeniangalia nyumbani!"

"Nyumbani hauko vile," akasema.